Yule Tuliyemuacha ku Mwezi

Riziki wangu,

Umetoka kwenda kuaga wenzako wa korali, nyumba imekuwa kimya, na nimeona heri nikae hapa mezani niandike kabla haujarudi. Ukiwa mbele yangu sitaweza kusema haya yote. Utaikuta barua mu saki yako ya safari, kati ya sweta na ile pagne, kitenge cha bluu. Sitakuambia ule vizuri, wala uchague marafiki, wala usisahau kanisa ukifika Bukavu. Hayo umeyasikia tangu ulipoanza kutembea, na kama uliyasahau, karatasi haitakukumbusha.

Nataka kukuandikia juu ya Baba Mudogo wako Faustin. Unajua ninamuchukia. Mushaki yote inajua. Lakini haujapata kusikia kutoka kinywa changu mimi ginsi hii chuki ilianza, ginsi niliilisha kama ndama, na kile imenipa. Siku moja watu watakuambia kama mama yako alikuwa na roho mubaya. Usikie kwanza kwangu.

Nianze na baba yako, juu bila yeye ule muchezo haungeingia mu nyumba yetu.

Janvier, unakumbuka, alikuwa anatengeneza magari na pikipiki pale kando ya barabara. Siku moja alirudi kutoka Goma na ordinateur, kompyuta ya zamani. Kifuniko kilikuwa kimepasuka, batterie ilikuwa inakufa mara moja, ilibaki kushikamana na panneau ya jua kama mutoto ku titi. Ndani mulikuwa muchezo mumoja tu, wa kutengeneza fusée, zile roketi za kupanda mbinguni. Unachagua wewe mwenyewe: kiti cha pilote, réservoir ya kuwekea carburant, mafuta yake, moteur, miguu ya kutulia, mwavuli wa kushukia. Unapanga kimoja juu ya kingine, unawasha, unarusha. Ukipanga mubaya, inapasuka mbele ya macho yako.

Mimi nilikasirika. Nilimuambia, "Janvier, ng'ombe zinakohoa kule nyuma, na wewe uko unarusha bintu mbinguni?"

Akacheka paka machozi yakatoka. "Mama Riziki, kuya uone. Mutoto wako amefika juu kuliko ndege."

Nikaja kuona nipate kuwagombeza vizuri. Nikabaki. Mukanipa kazi ya kufinya ile touche ndefu, kitufe cha chini, ile inayoangusha étage, kipande cha fusée kilichomaliza carburant, na kuwasha kinachofuata. Siku ya kwanza sikungoja. Fusée ilikuwa inapanda vizuri, nikafinya mara nyingi kwa woga, mwavuli ukafunguka huku tungali tunapanda. Baba yako alianguka chini kwa kucheka. "Mama Riziki! Unafungua mwavuli na hatujafika fasi!" Wewe ulinikasirikia kweli. Ulitaka kunifukuza ku kiti. Baba yako akasema, "Leka mama yako. Mukono wake ni wa kukamua, utazoea."

Ukazoea mukono wangu, na mimi nikazoea kelele zenu. Wewe njo ulikuwa unaelewa haraka. Baba yako alidhani kwenda mbinguni ni kupanda tu, moja kwa moja, na fusée zake zote zilirudi kuanguka mu bahari. Wewe ulimuambia, "Papa, lazima tulale pembeni. Tukimbie pembeni paka dunia ishindwe kutushika." Alikuangalia namna hajapata kuangalia muntu. Jioni ile alizunguka kwa majirani akiwaambia kama binti yake ameshinda dunia.

Kisha mukaenda ku mwezi. Ulikuwa mwanzo wa secondaire. Mu ule muchezo munaweza kuwapa pilote majina, na yeye alijiandika mwenyewe: Janvier. Mukatua, miguu ya fusée ikashika, hakuna kilichovunjika. Alipiga kelele paka ng'ombe zikashituka. Akatoka nje, yule Janvier mudogo wa mu ordinateur, akasimama pale ku udongo wa kijivu na dunia ikionekana juu ya kichwa chake. Halafu wewe ukaangalia réservoir na ukasema polepole, "Papa, carburant imeisha. Hauwezi kurudi."

Akasema, "Basi utanifata."

"Namna gani?"

"Utatengeneza ingine. Mimi nitangoja hapa, hakuna kazi ningali nayo."

Tulicheka sisi wote.

Muezi uliofuata tumbo lilimushika. Ilianza asubuhi, na kabla ya saa sita alikuwa amejikunja juu ya kitanda kama jani lililopita ku moto. Infirmier wa kituo cha afya alimugusa upande wa kuume, akatoa mukono, akaniambia, "Mama, huyu lazima apasuliwe. Mumupeleke hopitali ya Goma leo hii, musingoje." Nikakimbia kwa Faustin. Ndugu wa tumbo moja. Camionnette yake ilikuwa mbele ya nyumba yake ya fromage, fasi anatengeneza jibini, moteur inaunguruma, inaelekea Goma.

Nilimuambia, "Faustin, ndugu yako anakufa. Tumuweke mu gari."

Hakushuka hata ku kiti. "Gari imejaa, Mama Riziki. Hauoni? Ni fromage ya soko."

"Shusha mbili tatu, tumulaze."

"Nikizishusha hapa ku jua, zitaharibika."

"Basi mbele. Muweke mbele, kando yako."

"Mbele kuko wateja wangu. Ni watu wakubwa, nimeshawaahidi." Akanicheka kidogo, kama vile ninamusumbua. "Janvier iko nguvu. Ni tumbo tu. Mupe maji ya moto. Nikirudi mangaribi nitamupeleka."

Akaondoa gari. Nilishika mulango, nikakimbia nao paka kona, kisha nikauachilia. Hii wewe haukuijua. Ulikuwa nyumbani umemushika baba yako mukono.

Vijana wa jirani walikata miti, wakatengeneza kipoyi, tukambeba kwa mabega kushuka Sake. Mvula ikatukuta njiani. Wewe ulikuwa mbele umebeba kitambaa cha kumufunika uso, na hatua hata moja haukulia. Alikufa kabla hatujafika Sake, ku ile kona unapoanza kuona ziwa. Tulimushusha chini, na wale vijana wakavua kofia mu mvula. Mangaribi ile ile, Faustin alipita akirudi kutoka Goma, gari yake tupu. Ilikuwa na nafasi ya kulaza watu wanne. Njo gari iliyorudisha mwili.

Ku kilio wazee walisema ni mapenzi ya Mungu. Nilikuwa nawaangalia wanavyomushika Faustin bega wakimupa pole.

Siku ya kutoka mu kilio, alisimama mbele ya watu wote akasema kama vyombo vya ndugu yake vinarudi kwa ukoo. Akabeba funguo za kazi. Akabeba pikipiki. Halafu akaingia ndani akatoka na ordinateur mukononi, waya zinaburutika chini. Nikamuuliza, "Ile ni ya Riziki. Unaipeleka wapi?" Akasema, "Mutoto mwanamuke atafanya nayo nini? Hii ni kintu ya wanaume." Watu waliangalia miguu yao. Haikupita hata muda mrefu tukasikia ameiuzisha kwa mufanyabiashara mumoja wa Mpofi, kule Walikale, anayetia watu miziki mu telefone.

Ulikuja jikoni. Haukuwa umelia vizuri tangu maziko. Ukaniuliza, "Mama, na Papa kule juu? Atarudi namna gani?"

Ni pale. Kama unataka kujua fasi chuki yangu ilisimama ku miguu, ni pale jikoni. Kifo cha Janvier kilinivunja. Lakini swali lako lilinipa kazi.

Usifikiri nilikuwa na mayele, ile akili ya kupanga, tangu mwanzo. Kesho yake nilibeba fimbo ya kuchungia nikaenda ku nyumba ya fromage, nikamupiga Faustin mgongoni mbele ya wafanyakazi wake, nikamutukana paka sauti ikakatika. Unajua nilipata nini? Watu walimuhurumia yeye. Walisema, masikini, mujane amerukwa na akili, na yeye anavumilia. Alitembea wiki nzima na uso wa mutakatifu. Hasira yangu ile ilimufanyia kazi nzuri kuliko rafiki. Ninakuambia hii juu wewe una damu yangu, na kuna siku mutu atakufanyia mubaya ku université, na mukono wako utawasha. Mimi sitakuambia ukae kimya. Ninakuambia tu mimi ile fimbo ilinipa nini.

Na usiniulize kwa nini sikusamehe kama wanavyohubiri. Mimi nilizaliwa Bihambwe, mu familia ya walimaji. Baba yangu alikuwa na jirani aliyesogeza mupaka wa shamba. Baba alisamehe, wakala pamoja. Mwaka uliofuata jirani alisogeza tena. Baba alisamehe tena. Alipokufa tulimuzika fasi ambayo zamani ilikuwa katikati ya shamba letu, sasa ilikuwa pembeni kabisa. Nilikuwa musichana. Niliangalia lile kaburi na nikajisemesha mambo.

Basi nikaanza polepole. Faustin alikuwa na nyumba ya fromage, lakini maziwa hayakuwa yake. Yalikuwa yetu, wanawake tunaokamua. Na alikuwa na tabia moja: akiwa na kiburi siku hiyo, anachukua bidon ya maziwa ya mutu, anaonja, anamwaga chini mbele ya wote. "Hii ni maji." Alishamwagia Mama Solange, jirani yetu, mara nyingi paka yule mama alikuwa anakuja kwa njia ya nyuma juu ya haya. Nilienda kwanza kwake. Sikumuambia juu ya Janvier. Nilimuuliza tu, "Ile siku alimwaga maziwa yako, mutoto wako alikunywa nini jioni?" Akaanza kulia, halafu akasema, "Tufanye nini?"

Hivyo hivyo, nyumba kwa nyumba. Hakuna hata mumoja aliyenifuata kwa ajili ya kifo cha mume wangu. Kila mumoja alikuwa na kidonda chake, mimi nilikuwa tu nakiuliza kinaumaje. Baba wa Mama Solange alikuwa amefanya kazi ya fromage tangu ujana, akatuonyesha namna ya kugandisha, kukamulia, kuweka ku mbao. Tukaanza kutengeneza yetu mu nyumba yake. Na asubuhi moja Faustin alifungua mulango akangoja bidon. Hakuja mutu.

Utamu wa ile asubuhi, mutoto wangu! Nilikaa ku kilima nikimuangalia anavyotoka nje, anaangalia barabara, anaingia, anatoka. Siwezi kukudanganya kama haikuwa tamu. Mbao zake zikabaki tupu. Wateja wa Goma wakaanza kupiga simu kwa Mama Solange. Wafanyakazi wake wakaondoka mumoja mumoja. Wewe wakati ule ulikuwa unarudi ku masomo unakaa pale chini unachora fusée mu karatasi ya hesabu: miguu mipana, réservoir pembeni, kiti kimoja. Ulikuwa unatengeneza ya kumufata baba yako bila hata kuwa na ordinateur. Nilikuwa nakuangalia, nazidi kukaza roho.

Alikuja na muzee wa kanisa. Tuliwapa viti. Muzee aliongea murefu juu ya kusamehe, na nilimusikiliza na heshima. Alipomaliza nilimuambia, "Muzee, nitasamehe siku Janvier atakaporudi." Alitikisa kichwa, akafikiri ni uchungu unasema. Wewe njo peke yako uliinua macho.

Faustin akauliza, "Unataka nini, Mama Riziki? Sema."

"Ordinateur ya mutoto."

"Nitatuma muntu Mpofi."

"Hapana. Uende wewe mwenyewe. Na gari ibaki hapa."

"Ni mvula! Njia ya Walikale sasa ni matope tu!"

"Sisi tulitembea mu mvula kushuka Sake," nikamuambia. "Na tulikuwa tumebeba."

Alielewa. Niliona vile alivyoelewa, macho yake yalishuka chini. Akaenda. Aliporudi hata mbwa wake hakumutambua. Pikipiki ilimufikisha fasi fulani, kisha ilikuwa miguu, misitu, barrière za barabarani, kulala kwa watu asiowajua. Alikuwa amekonda, homa inamutetemesha, viatu vimeachama. Ordinateur alikuwa ameifunga mu plastiki chini ya koti, ngozi kwa ngozi. Wanawake wote walikuwa mu kiwanja changu, nilikuwa nimewaita. Akaiweka mbele ya miguu yangu, akakaa chini, akaomba maji.

Sikumupa. Niliingia ndani na ordinateur. Wewe njo ulienda na kikombe.

Nilikukasirikia kwa kile kikombe, sikukuambia.

Tulipoiwasha, tuliogopa yote imefutwa. Yule mufanyabiashara alikuwa amejaza miziki na picha za harusi za watu, lakini muchezo ulikuwako, na ndani yake, ku mwezi, kando ya fusée yake bila carburant, Janvier alikuwa amesimama. Hakuna aliyemugusa. Uliweka kidole ku kioo, ukasema, "Papa, niko nakuya."

Fusée yako ya ku karatasi ilikuwa nzuri, ila ilikuwa na kiti kimoja tu. Ya viti viwili ilikuwa muzito, kila mara ilikuwa inamaliza carburant kabla ya kufika. Ukasema, "Mama, hakuna shida. Tunaweza kuituma bila muntu ndani, inajiendesha. Papa ataingia, atarudi."

Nikakuambia, "Hapana. Weka muntu."

"Mama, akiwa muntu ndani, atakaa wapi wakati wa kurudi?"

"Hatarudi. Muandike Faustin."

Uliniangalia murefu. "Huyu ni pilote tu, Mama. Hajui kintu."

"Andika."

Ukaandika. Mara ya kwanza ilianguka ku udongo wa mwezi na ikapasuka, tukarudisha nyuma, tukaanza upya. Mara ingine ilipita mwezi kando ikaenda kupotea. Mukono wangu ulikuwa ku ile touche ndefu, na safari hii nilingoja. Sikufinya hata moja kabla haujasema "Sasa, Mama." Ilipotua, ilikuwa mbali na Janvier, ikabidi atembee, kamuntu kadogo, anaruka ruka juu ya ule udongo wa kijivu, na wewe unamuongoza na midomo imekaza. Faustin alitoka. Janvier akaingia. Moteur ikawaka, vumbi likapanda, na yule mwingine akabaki pale anaangalia juu.

Mwavuli ulipofunguka juu ya bahari nilifunika uso na pagne. Ulinikumbatia. Tulilia Janvier wetu pale, sisi wawili, vile hatukumulia ku maziko.

Baadaye nilikumbuka neno nililomuambia muzee wa kanisa. Janvier alikuwa amerudi, basi. Nikajiangalia ndani, kwa kweli, bila kujificha. Hakuna kilichosogea. Faustin alikuwa anafilisika, alishauza camionnette, alianza kuchunga ng'ombe za watu wengine, na kila nilipomuona ku barabara nilivuka upande mwingine. Na kila siku ya Mungu, tukitoka kanisani, wewe unabaki na korali, mimi nilikuwa narudi mbio, nawasha ordinateur, naenda ku mwezi kumuangalia. Amesimama. Hakuna chakula, hakuna mutu, hakuna gari. Nilikuwa namuambia kwa sauti, "Ni tumbo tu, Faustin. Nitarudi mangaribi." Halafu nazima, naenda kupika. Hiyo njo ilikuwa sala yangu, na ilinishibisha.

Sasa nakuja ku leo.

Leo ulipotoka, nilifikiri: ordinateur ananiachia mimi, juu ku Bukavu watampa ingine, acha nimuangalie yule bwana. Nikawasha. Nikaenda ku mwezi. Nikaona fusée ya zamani ya baba yako, ingali palepale. Nikaona alama za kutua. Faustin hayuko. Nilifikiri mashini imeharibika. Nikazungusha, nikatafuta nyuma ya kilima, hayuko. Nikarudi ku dunia, mu ile nyumba fasi pilote wanangojea kazi. Wamekaa kwa mustari. Janvier. Na kando yake, Faustin, anatabasamu kama hakuna kilichotokea.

Ulienda kumufata. Peke yako, bila mukono wangu ku touche. Nimeona mu orodha ya fusée, ile ya mwisho, umeipa viti viwili. Umeweza sasa kutengeneza ya viti viwili inayofika na kurudi, na haukuniambia hata siku moja.

Nilisimama nikapiga meza. Nilitaka kukufata paka ku korali nikupige makelele mbele ya wenzako wote. Nilivaa hata viatu. Nilikuwa nasema peke yangu kama mwendawazimu: nani alikutuma? Ulimubeba baba yako kwa mvula, ulimuona amelala pale ku kona, na unaenda kumuokoa yule? Nilifika paka ku mulango. Pale nikakumbuka kama kesho asubuhi mapema pikipiki inakuja kukubeba, na kama maneno nitakayosema leo njo utakayosafiri nayo. Nikavua viatu. Nikachukua karatasi.

Sitakuuliza kwa nini ulifanya hivyo. Labda kwako alikuwa pilote tu kweli. Labda haukuweza kuvumilia mutu asimame vile bila mutu wa kumufata, hata akiwa na lile jina. Iko yako wewe. Mimi nitabaki na yangu, na usiombe iishe, juu ilinisimamisha siku ambazo miguu ilikataa. Lakini iwe yangu. Ukimukuta Faustin kesho ku barabara na anakupungia mukono, umujibu ao usimujibu, ni shauri lako. Usifanye kwa ajili yangu. Kwa muda murefu nilikuwa nakuweka ku touche na kukuambia "andika," na wewe uliandika juu mimi ni mama yako. Umekuwa mukubwa. Fusée zako ni zako.

Na sasa nikuambie kile nimefanya tangu nilipovua viatu.

Nimetengeneza ya kwangu. Peke yangu, mara ya kwanza mu maisha. Kiti kimoja. Nimemuweka Faustin ndani, nimefunga mulango. Ya kwanza iliegemea upande ikaanguka palepale chini, hata haikupanda. Ya pili ilipanda vizuri, nikasahau kulala pembeni, ikarudi kuanguka mu bahari kama zile za baba yako. Ya tatu, sikiliza, ya tatu iko mbinguni sasa hivi ninavyoandika. Inazunguka dunia, haianguki. Nilipiga vigelegele peke yangu, Mama Solange akaja kuuliza kama umeposwa.

Ila sijui namna ya kutoka pale kwenda ku mwezi. Najaribu kuelekeza, naona carburant inapungua bure, nikazima moteur. Nimemuacha azunguke. Nasikia sauti yako kule chini ku njia, munaimba, sitakuuliza leo, utaona uso wangu na utajua, na hatutalala.

Kwa hiyo ukifika Bukavu, ukishapata chumba na umepumzika, unipigie. Usianze na salamu ndefu, unités za simu zitakatika. Uniambie tu: mwezi ukianza kutokea kule pembeni mwa dunia, ninawasha moteur palepale, ao ningoje kwanza?

Mama yako,
niko ku Mushaki